Siku Sabini na Mbili za Kungoja Kodi

Ofisini kwetu,
Tarehe 26 Aprili, asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada mkubwa, na kwamba mguu haukusumbui sana siku hizi za baridi. Dada aliniambia kwamba sasa unatembea bila fimbo, na kwamba unapanda ngazi za ghala lake la saruji mwenyewe ukikataa kushikwa mkono. Nilifurahi, nikacheka pia, maana nilikuona kabisa unavyomkata jicho huyo anayetaka kukusaidia. Huku sisi tuko salama. Shemeji mkeo ni mzima na kazi yake ya wodini inaendelea. Wiki mbili hizi amewekwa zamu za asubuhi, kwa hiyo anapata nafasi ya kusimamia masomo ya watoto. Mkubwa wako ameanza kuota ndevu tatu, na anazitunza kama bustani.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Mara zote nimeishia kukuuliza habari za mvua na bei ya mabati, kisha nikasema mtandao unakatika, na wewe unajua mtandao wetu haukatiki ovyo hivyo. Kwenye karatasi siwezi kukimbia. Tena nimezoea kuandika, kama unavyonicheka siku zote kwamba hata nikipiga chafya nitaitafutia tarehe. Shemeji ndiye atakayekuletea bahasha hii, kwa kuwa anakuja kukutazama mwisho wa mwezi kama kawaida. Hajui kilichomo. Nimemwambia ni karatasi za shule, naye amenitengea nafasi mkobani bila kuuliza.

Shule inaendelea, ingawa inachechemea. Darasa langu la sheria za barabarani lina wanafunzi kumi na wanne. Kwa upande wa kuendesha, tunaazima gari na mwalimu kutoka shule ile ya karibu na soko, dereva mstaafu wa mabasi ambaye anafundisha kama anayegombeza abiria. Wiki iliyopita mama mmoja muuza mayai alishuka garini katikati ya somo, akaja ofisini kwangu na kutaka kujua yule Mwalimu Taratibu anarudi lini, maana huyu wa sasa anampigia kelele mpaka anasahau mguu wa kulia ni upi. Nilimjibu kwamba uko mapumzikoni. Akaniambia mapumziko ya mwaka mzima ni ya wafalme, na kwamba kama ni kulipa nauli yako ya kurudi, wenzake wako tayari kuchanga.

Habari nyingine ni kwamba gari limefika. Ni la aina ileile uliyoichagua, jeupe, dogo, milango minne. Lilitoka dukani tarehe 3 Machi, na fundi wetu alimaliza kufunga pedali za upande wa mwalimu tarehe 19 mwezi huu. Liko uani, chini ya lile paa la bati ulilolijenga kwa mikono yako. Viti vyote bado vimevikwa nailoni ya kiwandani. Uliniuliza kwa simu ile kodi mpya ilitupunguzia kiasi gani, nikakujibu kwamba ni kiasi chake, halafu nikakuuliza habari za mvua. Leo nitakujibu sawasawa, na jibu lake ni refu, kwa hiyo nivumilie.

Nimefungua shajara yangu ya mwaka jana. Tarehe 18 Aprili niliandika kwamba umerudi kutoka duka la magari ukiwa na furaha kama mtu aliyetoka kuposa. Ulikaa kwenye kona ya meza yangu ukanisimulia kwa muda wa saa nzima. Ulisema mlango wa gari lile unafungwa kwa sauti ndogo, kama mtu mwenye adabu anayetoka chumbani kwa mgonjwa. Ulisema gia zake zinaingia bila kubembelezwa. Ulilinganisha kila kitu na Shangazi, gari letu la zamani, ambalo wanafunzi walilipa jina hilo kwa sababu lilikohoa asubuhi, lililalamika kwenye kila kilima, na halikukubali kuharakishwa na mtu. Fedha tulikuwa nazo, tulizoweka kwa miaka sita. Muuzaji alikubali kutuwekea gari kwa wiki moja.

Siku mbili baadaye, tarehe 20, redio ikatangaza kwamba kodi ya mauzo kwa magari mapya yenye injini ndogo itashushwa kuanzia tarehe mosi Julai. Nilishika kalamu kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Mpaka jioni nilikuwa nimepata hesabu yote. Tukivuta subira mpaka siku hiyo, tofauti ingetosha kufunga pedali za mwalimu, kuchora jina la shule milangoni, na kuziba paa la darasa linalovuja juu ya ubao. Nilileta karatasi yangu mezani kwa shemeji wakati wa chakula cha jioni, nikaisoma kama hakimu.

Wewe ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Shangazi hana siku sabini na mbili. Tununue sasa, na hiyo tofauti tuihesabu kuwa bei ya usingizi."

Nakumbuka nilivyokujibu, na niliandika pia, kwa sababu wakati ule niliona nimesema jambo la busara. Nilisema anayejua kukanyaga pedali akanyage pedali, hesabu awaachie wanaojua kuhesabu. Watoto walicheka. Shemeji alijizuia, akashindwa, akacheka naye. Wewe ulicheka kuliko wote, ukasema haya, tumwachie Bwana Tarehe, yeye ambaye ana miaka kumi akifundisha watu maana ya alama za barabarani na hajui hata kurudisha gari nyuma. Utani huo ni wa zamani baina yetu na sijawahi kuuchukia. Ulijaribu kunifundisha mara mbili, na mara zote mbili tuliishia kwenye ua wa jirani. Lakini siku ile, kaka, utani wako uliniuma kidogo, na nilitaka sana mimi ndiye niwe sahihi. Hilo nalo ulijue.

Kesho yake nilibandika ofisini karatasi kubwa ya manila yenye visanduku sabini na viwili. Ukawa unakata kimoja kwa kalamu nyekundu kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, na Jumatatu unakata viwili kwa sababu ya siku ya mapumziko. Wanafunzi waliupenda mchezo ule. Waliingia wakiuliza zimebaki ngapi, kana kwamba kodi ile inakuja kwao kama mgeni mwenye zawadi. Ulimpigia simu muuzaji kumwambia alitoe gari lile kwa mwingine, tutakuja Julai. Ulinieleza alivyocheka, akasema hawezi kukuahidi bei ya Julai, maana kodi ikishuka hata bei nayo ina masikio. Nilikwambia hayo ni maneno ya biashara, ya kumtisha mteja.

Yaliyotokea tarehe 2 Juni unayajua kuliko mimi, wewe uliyekuwemo. Nayaandika kama yalivyoandikwa kwenye taarifa tu. Mwanafunzi alikuwa yule mama mshonaji, somo lake la tisa. Mlikuwa mnateremka kuelekea makutano ya duka la rangi. Mkokoteni wa magunia ukakatiza barabara. Mshonaji akashtuka, na mguu wake, badala ya kwenda kwenye breki, ukakanyaga mafuta. Shangazi, aliyekuwa hajawahi kukimbia maisha yake yote, akakimbia siku ile. Alikwepa mkokoteni na kuigonga nguzo ya umeme, upande wako. Mshonaji alivunjika kifundo cha mkono. Wewe ulivunjika mguu mahali pawili. Mwenye mkokoteni hakuguswa; nilimkuta amekaa juu ya gunia lake, ameshika kofia kwa mikono miwili.

Mkaguzi wa magari alikuja baada ya siku mbili. Aliandika kwamba breki za gari lenyewe zilikuwa nzima. Pedali ya upande wa mwalimu ilikuwa imepondwa pamoja na waya wake, haikuwezekana kuipima. Aliomba daftari la matengenezo, nikampa. Alilipekua lote na hakuona kosa lolote lililoripotiwa. Basi akahitimisha kwamba mwalimu alichelewa kuchukua hatua.

Nilikusomea taarifa ile hospitalini. Uliniomba niirudie sentensi ya mwisho, nikairudia. Ulitazama dari, ukasema maneno ambayo siwezi kuyatoa kichwani hadi leo. Ulisema, "Nilidhani nimekanyaga. Labda nilidhani tu."

Baada ya hapo hukutaka kusikia la mtu. Shemeji alikubembeleza, wanafunzi walikuja na maua, na wewe ulisema mwalimu ambaye mguu wake umechelewa mara moja hana haki ya kukaa na mtoto wa mwenzake garini. Ulirudisha leseni yako ya ualimu kwa hiari yako mwenyewe, plasta ikiwa bado mguuni. Ukaenda kwa dada kumsaidia kuuza saruji na misumari. Mimi ndiye niliyekubebea begi mpaka kituoni. Nilisimama pale dirishani pa basi nikikuuliza kama umechukua miwani.

Sasa nikueleze mambo mawili ya mwaka huu, ndipo nirudi nyuma tena.

La kwanza. Tarehe 12 Machi mshonaji alikuja ofisini kuchukua faili lake. Mkono wake umepona, ingawa anasema sasa anatunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Alikuulizia wewe kabla hajakaa. Nilimwambia uko kwa dada na umeacha kufundisha. Aliuliza kwa nini. Nikamwonyesha taarifa ya mkaguzi. Aliisoma polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari, na alipofika mwisho akainua uso. Akaniambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye. Mkaguzi alipokuja, yeye alikuwa amelazwa.

"Mwalimu alikanyaga," alisema. "Nilisikia pedali yake ikigonga sakafu. Mara mbili, mara tatu. Ilikuwa inagonga kama kijiko kwenye sufuria tupu."

Nilimpa faili lake, akaondoka. Usiku ule niliandika mstari mmoja tu kwenye shajara: Mshonaji kachukua faili. Unaona mtu nilivyo.

La pili. Tarehe 17 mwezi huu dada alinipigia. Aliongea kwa sauti ya chini, akijificha nyuma ya duka usimsikie. Alisema kila jioni mkishafunga hesabu, unakaa kwenye kigoda mbele ya kaunta, unamwomba apige meza kwa kiganja bila kukuonya, na akipiga tu wewe unakanyaga sakafu. Halafu unamuuliza: Nimechelewa? Yeye anakuambia hapana. Unamwambia arudie. Alisema siku nyingine mnarudia mpaka kiganja chake kinakuwa chekundu, na kwamba wewe humwamini, unafikiri anakuonea huruma. Aliniuliza kama nadhani ukapigwe picha ya kichwa. Kaka, nilikata simu bila kuaga, na kwa mara ya kwanza sikusingizia mtandao.

Basi sasa nifungue kurasa ambazo sikukusomea.

Tarehe 9 Mei mwaka jana nilikwenda ofisi ya mapato kuchukua fomu za gari ili ikifika Julai tusipoteze hata siku moja. Karani wa dirisha la tatu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliniuliza gari litaandikishwa kwa jina la nani. Nikasema kwa majivuno kidogo kwamba ni la shule ya udereva. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba nafuu ile ni ya magari ya watu binafsi tu. Gari la shule, lenye pedali za pande mbili, linahesabiwa kuwa chombo cha biashara, na chombo cha biashara kinabaki kwenye kodi ileile ya zamani. Nilimuuliza itakuwaje nikiliandikisha kwa jina langu. Akasema hapo nitapata nafuu, lakini siku nitakayolifundishia mtu nitakuwa nimevunja sheria, na shule itafungwa. Alinionyesha aya yenyewe. Mimi ninayefundisha watu kusoma sheria, kaka, nilikuwa nimeishia kwenye kichwa cha habari.

Kwa hiyo tangu tarehe 9 Mei nilijua kwamba hatungoji kitu. Tungeweza kununua gari kesho yake.

Nilirudi nikiwa nimekata shauri kukwambia. Nilikukuta ofisini katikati ya wanafunzi, ukiwaonyesha visanduku vyako vyekundu. Ukanishika bega ukawaambia huyu mdogo wangu anatuokolea fedha akiwa amekaa kitini, hebu mwoneni. Wakanipigia makofi. Nikasema nitakwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema nitakwambia kesho. Halafu nikajitungia kisingizio kizuri: niliandika barua kwenda ofisi ya mapato kuomba tufikiriwe kwa namna ya pekee, nikajiambia kwamba hakuna haja ya kukuvunja moyo kabla jibu halijaja. Jibu lilikuja tarehe 29 Juni, mistari miwili, hapana. Katikati ya hapo ulikata visanduku ishirini na vinne mbele yangu, na kila asubuhi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

Laiti yangekuwa hayo tu, ningekuomba radhi kwa simu. Lakini kuna tarehe 14 Mei.

Siku hiyo fundi alikuwa amemtazama Shangazi kama kawaida ya kila mwezi. Wewe ulikuwa umempeleka mtu kwenye mtihani. Alikuja kwangu akiwa anajifuta mikono, akaniambia kwamba ule waya unaounganisha pedali ya mwalimu na ya mwanafunzi umeanza kuchanika nyuzi, na kwamba usipobadilishwa, siku moja utakanyaga na pedali itaangukia sakafuni bila kushika chochote. Alitaka kumlaza Shangazi siku mbili na kuagiza waya mpya. Mtu mwenye akili angesema lete. Mimi niliangalia manila ukutani. Nilifikiri kwamba tukianza kumtengeneza Shangazi utaniuliza kwa nini tusinunue jipya sasa, na nikishaulizwa hivyo itabidi niseme la ofisi ya mapato. Nikamwambia akaze palipolegea, atie mafuta, gari jipya linakuja. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema unajua.

Ningekuwa dereva, labda mguu wangu ungekataa. Lakini mimi pedali naijua kwa mchoro tu.

Jambo lile nililiandika kwenye shajara yangu, kwa sababu mimi huandika kila kitu. Kwenye daftari la matengenezo la shule, ambalo wewe ulikuwa ukilisoma kila Ijumaa, sikuliandika. Ndiyo siku pekee niliyoiruka katika miaka kumi na moja. Na ndilo daftari nililompa mkaguzi. Alilifunga akanisifu kwamba hajawahi kuona shule inayotunza kumbukumbu vizuri hivi, nami nikasema ahsante.

Fundi alinijia tarehe 3 Juni, siku moja baada ya ajali, ametokwa na rangi usoni. Alitaka kujua tuseme nini. Nilimwambia waya umekatika kwa kishindo cha nguzo, basi, asiharibu gereji yake kwa maneno. Alikuwa na hofu ya riziki yake, akakubali. Usimlaumu sana. Mimi ndiye niliyempa maneno ya kusema.

Kwa hiyo, kaka, ulikanyaga. Ulikanyaga kwa wakati, na ulirudia, na chini ya mguu wako hapakuwa na kitu kwa sababu mimi niliogopa kuonekana mjinga kwa hesabu ya kodi. Nimekuacha mwaka mzima ukiushtaki mguu wako. Nilikusikia hospitalini ukisema labda ulidhani tu, na jibu lilikuwa kwenye droo yangu.

Na ile kodi yenyewe nikumalizie, maana uliniuliza. Tulipolipa Machi tulilipa kodi kamili ya zamani. Juu yake, bei ya gari ilikuwa imepanda, kwa sababu waliongoja Julai kama mimi walikuwa wengi, na muuzaji aliwaona wamejipanga. Waliostahili nafuu walipata chembe. Sisi hatukupata hata senti moja. Ungenunua ile wiki ya Aprili, ungelipa kidogo kuliko nilivyolipa mimi.

Sasa nikueleze nilichofanya. Tarehe 22 mwezi huu nilikwenda kwa mkaguzi pamoja na fundi. Nilikata kurasa tatu kutoka kwenye shajara, ule wa tarehe 9 Mei, wa 14 Mei na wa 3 Juni, nikazikabidhi. Sijawahi kuchana ukurasa maishani mwangu. Mshonaji alikuja naye, bila kuombwa mara mbili, akatoa maelezo yake na kutia saini kwa mkono wa kushoto. Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini mtu anayetunza kumbukumbu kiasi hiki alichagua kuacha siku ile, nikamwambia kwamba tabia hiyohiyo ya kuandika ndiyo sababu ninazo kurasa za kumletea. Alisema taarifa yake itarekebishwa na jina lako litasafishwa. Kuhusu mimi, alisema nitaitwa. Cheti changu cha kufundisha kimekwisha kuchukuliwa, na wiki ijayo darasa la sheria atalishika mwalimu wa kuazima. Shule yenyewe inaweza kubaki ikiwa mwenye leseni ya ualimu atasimama kuwa msimamizi. Sikuandikii hili ili kukusukuma. Nakuandikia kwa sababu nimeapa kutokuficha tena kitu chochote kinachokuhusu.

Ndani ya bahasha utakuta nakala za kurasa zile, maelezo ya mshonaji, na fomu ya kurudishiwa leseni. Fomu hiyo lazima itiwe saini na wewe mwenyewe na ifike ofisini kwao kabla ya tarehe 2 Juni. Ikipita siku hiyo jina lako linafutwa kwenye orodha, na utaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Nimeweka alama ya penseli mahali pa saini. Usirudi kwa ajili yangu. Ukirudi na hutaki niwe mbele ya macho yako, niambie tu, nitahamisha vitu vyangu. Nimeshavipanga.

Jana jioni nilitoka uani. Manila bado iko ofisini, visanduku arobaini na vitatu vyekundu na ishirini na tisa vyeupe. Nimeiacha makusudi, niwe naiona. Nilifungua mlango wa gari jipya, na kweli unafungwa kwa adabu kama ulivyosema. Nilikaa kiti cha mwanafunzi. Fundi alikuwepo, nikamwomba apige magoti nje ya mlango wa upande wa pili na kubonyeza pedali yako kwa mkono, bila kukaa kitini, ili nailoni isikunjike. Nilikuwa nimeweka mguu wangu kwenye breki bila kuukaza. Alipobonyeza, pedali ilishuka yenyewe chini ya soli yangu, ikauvuta mguu wangu chini. Sikujua kama ndivyo inavyokuwa, kwamba mwanafunzi anaisikia nia ya mwalimu mguuni. Miaka kumi na moja nimeichora ubaoni. Nilimwambia arudie. Akarudia mara nyingi, bila kuniuliza kwa nini.

Nisalimie dada mkubwa sana. Mwambie namwomba msamaha kwa kumkatia simu, na kwamba mtungi wa maji alioniagiza nimempa shemeji amletee. Mwambie pia, leo jioni mkishafunga duka, aache kupiga meza. Mguu wako haukuchelewa.

Wako mdogo,

Bwana Tarehe